Nilinusa, Nikanyamaza

Siku yenyewe, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na mpaka leo nikiikumbuka najikuta nimeshika kifua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimesimama jikoni kwa Mzungu mmoja mzee pale Lewisham, glasi ya mvinyo mweupe mkononi, na pua yangu imeniambia jambo ambalo mdomo wangu ulikataa kulisema. Kaa hapa nikusimulie. Najua utanijibu kwa Kiingereza, nyinyi mliozaliwa Landani nyote mna tabia hiyo, lakini masikio yako yanasikia Kiswahili na hayo yananitosha.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi napanda basi, huyu nampikia uji, yule namkumbusha dawa, yule mwingine namfunga viatu tu na kumsikiliza. Miongoni mwao alikuwamo Mzee Harold. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee, Ruth, alikuwa anaishi mbali kaskazini. Maisha yake yote huyu mzee alikuwa mnunuzi wa mvinyo. Maduka yalimlipa aonje na kuamua upi uingie dukani na upi urudi ulikotoka. Watu waliokuwa wanafunzi wake walikuwa bado wanamletea chupa, na neno lake kwao lilikuwa hukumu.

Mimi nimekulia Dodoma. Zabibu nazijua za shambani, nimezichuma kwa mikono hii hii. Lakini kanisa letu lilikuwa kali juu ya pombe, na mvinyo sikuwahi kuutia mdomoni. Kwa hiyo chupa zile za Mzee Harold nilizipangusa vumbi tu kama ninavyopangusa vitabu.

Mwezi mmoja kabla ya Jumamosi ile, mzee alianguka kwenye ngazi akagonga kisogo. Alikaa hospitali siku mbili, akarudi, tukadhani yamekwisha. Kisha asubuhi moja nafungua mlango nakuta nyumba imejaa moshi. Mkate unaungua jikoni, na Mzee Harold amekaa sebuleni na gazeti lake, mgongo kaupa mlango, anageuza kurasa bila wasiwasi. Nikakimbia nikazima, nikafungua madirisha, nikarudi kwake nikiwa nakohoa.

"Mzee, hukusikia harufu?"

Akakunja gazeti taratibu.

"Debora," akasema, "tangu nianguke sisikii harufu yoyote. Si ya mkate, si ya sabuni, si ya kitu chochote. Daktari anasema huenda isirudi. Usimwambie mtu."

Nikamwahidi. Nilimhurumia sana. Mwanangu, fikiria mtu aliyepata kazi, jina na marafiki wake wote kwa pua, halafu pua inaondoka.

Sasa, kati ya wale waliokuwa wakimletea chupa alikuwamo Harjit. Huyu ni Mpunjabi, kazaliwa Kisumu, akaja Landani akiwa kijana na kujifunza kazi chini ya Mzee Harold. Alikuwa anakaribia kufungua mkahawa wake mtaa wa Southall, na alikuwa akitafuta mvinyo mmoja mweupe wa kuuweka mezani pamoja na samaki wake wa viungo. Alipogundua natoka Tanzania, alifurahi kama aliyekutana na ndugu. "Sasa dada, mzee yuko aje leo?" Ndivyo alivyokuwa akiingia kila mara, na Kiswahili chake cha Kisumu kikinichekesha.

Mzee Harold hakutaka Harjit ajue. Akaniita siku moja akanikalisha mezani, akaweka glasi mbili, bakuli la kutemea, na karatasi nyeupe.

"Utakuwa pua yangu," akasema. "Ulimi bado ninao."

Nikamwambia mimi sinywi. Akasema hata yeye kazini hakuwa akinywa: mtu anavuta kidogo mdomoni, anausukasuka, anatema. Nikakubali. Mchungaji wangu sikumwambia, na hilo nalo lina kisa chake, lakini si cha leo.

Akaanza kunifundisha kwa zabibu inayoitwa Riesling. Watu wengi, akasema, wakiona jina hilo kwenye chupa hudhani ndani mna utamu, na mara nyingi wanakosea. Ile aliyoitaka Harjit ilikuwa kavu, maana yake sukari ya zabibu yote imeisha wakati wa kuchachuka. Pua inaweza kukudanganya hapo, kwa sababu harufu ya matunda inakufanya utegemee utamu, kumbe ulimini hamna. Akanionyesha kuinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: rangi hafifu, yenye ukijani kidogo pembeni. Akanionyesha kuizungusha ili harufu ipande. Kisha kuonja. Nilipotia mdomoni mara ya kwanza mate yalinijaa chini ya taya kama mtu aliyelamba ndimu, na uso ukanikunjamana. Mzee akacheka mpaka akashika meza.

"Hiyo ndiyo nguvu yake," akasema. "Mate yakiendelea kuja baada ya kutema, na ladha ikikaa, basi ni mzuri. Hayo nayajua mwenyewe kwa ulimi. Sasa niambie nisiyoyajua. Unasikia harufu gani?"

"Ndimu," nikasema. "Na tufaa bichi."

"Na nini tena?"

Nikaona haya. "Kama vumbi la kwetu mvua ya kwanza ikilipiga."

Akafumba macho. "Endelea."

Glasi ya pili ilikuwa ya chupa iliyokaa miaka mingi. Nikanusa, nikarudisha kichwa nyuma. "Mzee, samahani, hii ina harufu ya mafuta ya taa."

Nilidhani atakasirika. Akapiga meza kwa kiganja, akasema watu wanalipa walimu ili wafundishwe kusikia harufu hiyo kwenye Riesling iliyozeeka, na mimi nimeipata bila kuambiwa. Mwanangu, sijui kama umewahi kusifiwa na mtu anayeijua kazi yake. Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama sikanyagi chini.

Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Niliipenda ile sifa. Nilipenda kumwona mzee amefurahi. Wiki tatu mfululizo Harjit alileta chupa, mimi nikawa nazifungua jikoni, nanusa, kisha namletea mzee glasi na kumnong'oneza nikiwa namwekea kitambaa: ndimu, tufaa, au haifai. Yeye anaonja, anaongeza yake ya ulimi, anatoa hukumu, na Harjit anaandika kila kitu.

Tufike Jumamosi ile. Harjit aliingia anang'aa. Alikuwa ameonja mvinyo fulani kwenye maonyesho, wa mkulima mdogo wa Ujerumani, akaona huu ndio. Alichotaka ni mwalimu wake aukubali tu. Alikuwa amevaa hata tai. Mzee naye alikuwa amenyoa ndevu vizuri, amekaa wima, na sauti yake ilikuwa ya zamani kabisa.

Nikafungua chupa jikoni. Nikamimina, nikazungusha, nikanusa.

Hakukuwa na ndimu. Hakukuwa na tufaa. Kulikuwa na harufu kama ya karatasi ngumu za maboksi zilizolowa zikaachwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Si kali, ila ipo. Nikanusa tena, ipo. Nilijua kitu hakiko sawa. Lakini nikawasikia wale wawili sebuleni wanacheka, nikajiuliza: mimi ni nani? Kama ndivyo mvinyo wa bei ya juu ulivyo, si nitaonekana mshamba? Na kama nikisema haifai, nitaivunjaje furaha ile? Nikawapelekea glasi, kila mmoja yake. Nikamwinamia mzee nikamnong'oneza, "Ndimu. Tufaa. Safi sana."

Mzee akaonja. Akasema uchachu umekaa sawa, mkavu kweli kweli, ladha inadumu. Kisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika akaongeza: "Na harufu yake, Harjit! Ndimu tupu. Tufaa lililochumwa leo."

Harjit alikuwa na glasi yake puani. Nikaona uso wake unabadilika. Akamtazama mzee, akatazama glasi, akaiweka chini bila kunywa. "Asante, mzee," akasema. Akakaa dakika chache, akaaga.

Nikamsindikiza. Mlangoni akanigeukia, akanisemesha kwa Kiswahili ili mzee asielewe. "Dada, niambie ukweli. Mzee ana nini?"

Ulikuwa mlango ulio wazi, mwanangu. Ningepita pale mambo yote yangeisha. Nikasema, "Hana kitu, kaka. Amechoka tu."

Akanitazama kidogo, akaondoka.

Wiki iliyofuata Harjit hakuja. Wala wiki iliyofuata baada ya hiyo. Mzee Harold akawa anauliza kama simu imelia nikiwa jikoni. Akaacha kunyoa. Mimi nikawa najipa sababu: mtu anafungua biashara, ana mengi. Lakini usingizi ulikuwa unanipaa, kwa sababu nilijua pua yangu ilisema nini.

Jumamosi ya tatu nikamkuta Ruth sebuleni. Amekuja bila kutoa taarifa, na Harjit amekaa pembeni yake, kichwa chini, mfuko wa karatasi magotini. Mezani kulikuwa na kitabu chembamba chenye picha za nyumba ya kutunzia wazee, bustani na vizee vinavyotabasamu. Ruth alikuwa anamuuliza baba yake leo ni siku gani. Anamuuliza mkewe alifariki mwezi gani. Mzee alikuwa anajibu yote, sawasawa, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, na nikaona Ruth anaiandika ile mitetemo moyoni kama ushahidi mwingine.

Nikaenda jikoni, Ruth akanifuata. Macho yake yalikuwa mekundu. "Debora, wewe unamwona kila siku. Harjit ameniambia baba anasikia harufu ambazo hazipo. Alinusa mvinyo ulioharibika akasema ni ndimu. Baba yake Harjit alianza hivyo hivyo, kabla akili haijapotea kabisa. Siwezi kumwacha peke yake. Nimeshazungumza na watu wa ile nyumba. Nitamchukua mwisho wa mwezi."

Ndiyo kwanza nikaelewa. Mzee wa watu anatolewa nyumbani kwake, nyumba aliyoishi na mkewe, kwa sababu ya maneno machache niliyomnong'oneza mimi.

Nikamwomba Ruth anisubiri. Nikaenda nikapiga magoti kando ya kiti cha mzee, kama tunavyofanya kwetu tunapozungumza na mkubwa, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ile chupa ya Harjit haikuwa na ndimu."

"Ilikuwa na nini?"

"Harufu ya karatasi zilizolowa. Za kuvunda."

"Kizibo," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kizibo kilikuwa na ukungu. Ulimi hauwezi kukamata hilo, pua tu ndiyo inaweza." Kisha akanitazama, na macho yale sijayasahau. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona mmefurahi, mzee."

"Debora, sikukuomba unifurahishe. Furaha yangu haikuwa kazi yako. Nilikuomba kitu kimoja: uniambie kilichomo kwenye glasi. Mtu asiyeona akikuuliza kama mbele kuna shimo, utamjibu kwa adabu?"

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo. Halafu akaweka mkono begani kwangu, sauti yake ikashuka. "Na mimi niliyekufundisha kuficha, nina haki gani ya kukukaripia? Inuka. Tuwaambie."

Akasimama mwenyewe, bila fimbo, akamwita Ruth kutoka jikoni. Akawaambia. Tangu kuanguka hasikii harufu, na yule aliyekuwa akinusa ni Debora. Ruth akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Alidhani baba anajitetea tu. Ndipo mimi nikamgeukia Harjit, nikamwambia kwa Kiswahili, maana ndicho nilichomdanganyia: "Kaka Harjit, siku ile mlangoni nilikudanganya. Mzee akili zake ni timamu. Anachokosa ni pua. Ule mvinyo niliunusa mimi, nikajua umeharibika, nikamwambia ni mzuri."

Harjit akashika kichwa kwa mikono miwili. "Dada! Na mimi nilijua umeharibika nikanyamaza. Nilimwonea mzee aibu. Nikaona heri nimpigie binti yake kuliko kumuuliza mwenyewe."

Ruth hakuelewa maneno, lakini aliona nyuso zetu. Akaenda jikoni, akarudi na kopo la kahawa, akamwambia baba yake afumbe macho. Akalifungua chini ya pua yake. "Hii nini, baba?"

"Sijui."

Akaleta siki. "Na hii?"

"Ruth, unaweza kuniletea samadi ya farasi, nitakwambia sijui."

Ruth akaanza kucheka, huku analia, akamkumbatia baba yake shingoni wakayumba wote wawili. "Ni pua tu," alikuwa anasema. "Baba, ni pua tu!" Na mimi niliyekuwa nimebana pumzi sijui tangu lini, nikapumua. Mwanangu, sina neno la kukueleza pumzi ile ilivyokuwa tamu.

Harjit alikuwa ameleta chupa nyingine ya mvinyo ule ule. Alisema alikuwa bado anatumaini amekosea kuhusu mzee, na alitaka amjaribu mara moja zaidi. Tukaifungua hapo hapo mezani, mbele ya wote, bila kunong'onezana. Mzee akaonja kwanza. Akaeleza uchachu wake, ukavu wake, uzito wake mdomoni, na jinsi ulivyobaki baada ya kutema, akihesabu kwa vidole ni sekunde ngapi ladha inadumu. Kisha akasema, "Ya puani muulizeni Debora."

Nikazungusha, nikanusa, nikangoja mpaka nikawa na uhakika.

"Ndimu," nikasema. "Tufaa bichi. Jiwe lililonyeshewa. Na kwa mbali kuna kitu kama asali, lakini sina hakika nacho."

"Hiyo ndiyo niliyoonja kule kwenye maonyesho!" Harjit akasema. "Hata mimi ile asali sina hakika nayo."

Mzee akacheka. "Andika hivyo hivyo. Na kwamba hamna hakika, andika pia."

Kitabu cha picha kikarudi kwenye mkoba wa Ruth. Kabla hajaondoka alimgombeza baba yake vizuri, kwa sababu mtu asiyesikia harufu na jiko la gesi ndani ya nyumba moja ni hatari, na wiki ile ile likaja jiko la umeme na kengele za moshi kila chumba. Mzee Harold aliishi kwenye nyumba ile miaka sita mingine, akafia kitandani mwake. Harjit akawa anakuja tena, na kila mtu Southall aliyemuuliza kuhusu ule mvinyo alimwambia wazi kwamba umehukumiwa na watu wawili, mmoja kwa ulimi na mwingine kwa pua. Mzee hakulionea aibu hilo tena. Nadhani hata alipumzika, maana kuficha kulikuwa kumemchosha kuliko kuzeeka.

Basi hili ndilo ninalotaka ulichukue. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja. Mzee alificha ili asihurumiwe. Harjit alinyamaza kwa heshima. Mimi nilidanganya ili watu wafurahi. Kila mmoja alimtakia mwenzake mema, na kwa mema hayo tulikaribia kumtoa mzee nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu akikuuliza unaona nini, mwambie unachoona. Mwambie kwa upole, chagua maneno, kama huna hakika sema huna hakika, lakini usimpe anachotamani kusikia ukakiita jibu. Na ukishakosea, usingoje wiki tatu kama mimi. Rudi siku hiyo hiyo useme. Utatetemeka, ndiyo, lakini kule upande wa pili kuna nafuu ambayo hutaipata kwa njia nyingine. Na ukijiona mdogo mbele ya wajuzi, kumbuka kwamba wamekuuliza kwa sababu una kitu wasichonacho.

Nenda sasa, usichelewe treni. Mungu akupe moyo usioogopa kusema kweli na ulimi unaojua kuisema bila kuumiza. Akuzungushie watu watakaokusikiliza, na siku utakapokosea akupe mtu wa kukuwekea mkono begani na kukwambia inuka. Amina, mwanangu.